Ombi la Barua Yenye Muhuri Kuhusu Majike wa Kadi Nyekundu

Mheshimiwa Mkuu wa Maabara,

Nakuandikia kwa heshima zote, mikono yangu ikiwa bado inanuka sabuni ya vizimba. Mimi ndiye mama anayeosha nyumba za panya wako kila asubuhi, yule uliyemwambia mwaka jana apunguze kuimba. Nimepunguza. Leo nina malalamiko, nayo nimeyapanga kwa namba ili usije ukasema sisi wa ndoo hatujui utaratibu.

1. Majike wenye kadi nyekundu wanadekezwa. Najua mnajaribu ile dawa ya kiwandani ya kuondolea grisi kwenye vyuma, mpate kujua kama inaharibu uzazi wa panya na wa watoto wao. Sina ugomvi na hilo. Lakini kwenye kizimba cha kadi nyeupe nakuta jike amelala na vitoto kumi na kimoja. Kwenye cha kadi nyekundu nakuta jike na vitoto vitatu, pengine hata kimoja hakuna. Na bado anapewa chakula kilekile cha kupimwa, maji ya kuchujwa, na feni juu. Hakuna anayemuuliza kitu. Kwetu mwanamke wa namna hiyo angekuwa amekwisha kuitiwa wazazi wake.

2. Nasema hivyo kwa kuwa ninaye mmoja nyumbani. Mkamwana wangu ana miaka mitano ya ndoa, na mimba tatu zimetoka. Simchukii. Baada ya ile ya tatu aliamka asubuhi akanipikia uji, nami nikaunywa bila kumtazama usoni. Lakini mwanangu ni huyo mmoja tu, mjukuu sina, na uji hauniiti bibi.

3. Nimesikia kwenye korido kwamba vijana wako wanachunguza na madume. Huo, Mheshimiwa, ni uchokozi. Tangu lini dume akasingiziwa mambo ya uzazi? Mwanangu huu ni mwaka wa sita anaosha vyuma kiwandani kwa dawa hiyohiyo, mikono imezama hadi viwiko, bila glavu, maana msimamizi wake anasema glavu ni za waoga. Akirudi nyumbani paka anahama chumba. Kichwa kinamuuma jioni tu, na kikohozi ni cha asubuhi tu. Kama dawa ina ubaya, si ingeanza na yeye?

4. Jumamosi ukoo unakaa sebuleni kwangu kuamua kama mkamwana arudishwe kwao. Shangazi yake mwanangu amekwisha kutafuta mwingine, mwenye nyonga pana, na amewaonyesha majirani kabla ya kutuonyesha sisi. Tatizo ni baba wa mkamwana, mwalimu mstaafu, mtu wa kudai ushahidi hata akiambiwa mvua inanyesha. Kwa hiyo naomba barua yenye muhuri wako, ithibitishe kisayansi kwamba watoto wakikosekana, kasoro ni ya jike. Mistari miwili inatosha.

5. Kama muhuri ni mgumu kupatikana, niazime jike mmoja wa kadi nyekundu, pamoja na kadi yake, nimweke mezani mbele ya wazee. Nitamlisha vizuri na Jumatatu atakuwa kazini.

6. Kama na hilo haliwezekani, njoo mwenyewe na koti lako jeupe. Huna haja ya kusema neno. Nikikutazama, wewe itikia kwa kichwa.

Nisalimie mlinzi wa getini anayenipekulia ndoo, dada anayeandika kadi, na panya wote, ukianza na wa kadi nyeupe. Nabaki mtiifu wako siku zote isipokuwa Jumapili,

Mama wa ndoo, zamu ya asubuhi.

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilimpa dada wa kadi anisahihishie. Alisoma hadi mwisho, kisha akaniuliza kama najua kadi nyekundu ni ya nani. Kumbe ni ya mume. Majike wote ni wazima, hawajainusa dawa hata siku moja. Wanaonusishwa ni madume, wiki kumi ndani ya sanduku la kioo, kisha kwa wiki moja wanawekwa na majike hao usiku tu, na kuondolewa kila alfajiri kabla mimi sijafika na ndoo yangu. Ndiyo maana sijawahi kuwaona. Nilimuuliza mara mbili. Akaniambia hata wana wa madume hao, ambao dawa hawaijui, wake zao wanaharibikiwa na mimba vilevile.

Basi futa namba zote. Miaka mitano nimemtazama binti wa watu kama mwizi, na aibu niliyo nayo sijui niiweke wapi. Jana nilimkuta anapanga nguo sandukuni, maana habari za kikao alikuwa nazo. Nikakaa sakafuni, nikaanza kuzitoa moja moja.

Barua yenye muhuri bado naihitaji, ila iende kwa mkuu wa kiwanda. Na unisamehe, leo sitakuja kazini. Zamu ya mwanangu imeanza saa moja, nami nimemfungia ndani. Anagonga mlango huku naandika, na ufunguo uko kifuani kwangu.