Breki ya Kidole Kimoja

Jamani, mimi nilikuwa natafuta vichekesho tu kwenye simu, nikakutana na habari nzito. Nikaisoma kwa sauti ili kijiwe kizima kisikie: "Pikipiki kuukuu zenye breki mbovu za mbele kuondolewa barabarani!"

Mzee Waziri akaweka kikombe cha kahawa chini. Huyu hajawahi kuwa waziri wala mjumbe wa nyumba kumi, ila kila jambo analo tamko.

"Breki ya mbele ni pambo! Mimi nimeendesha pikipiki tangu nywele zikiwa nyeusi, sijaigusa hata siku moja. Ukiigusa inakupindua, unajikuta umekaa barabarani unatazamana na taa yako mwenyewe."

"Ndiyo maana ulikuwa unasimama kwa msaada wa kuta," akadakia Kinyozi. Kibanda chake kimepakana na benchi letu, ananyoa huku anabishana. Ukiona mteja katoka na upara upande mmoja, ujue mjadala ulikuwa mkali.

Hapo hapo akatokea Ndala, anatoka kwa fundi. Tunamwita Ndala kwa sababu breki yake halisi ilikuwa ni ndala. Pikipiki karithi kwa baba yake mkubwa, nayo ina umri kuliko sisi wote ukimtoa Waziri. Akitaka kusimama anashusha miguu, anakwaruza lami hadi moshi unatoka kisiginoni.

Ila siku hiyo, mama yangu! Mbele kote kupya. Shokapu mpya mbili zinang'aa kama vijiko vya wageni, rimu mpya, na pembeni diski ya breki yenye matundu. Nyuma sasa: kutu, kiti kimeshonwa kwa kamba, taa ya nyuma inaning'inia.

"Hee!" Kinyozi akatoka na mashine mkononi, mteja kamwacha na shuka shingoni. "Mbele bwana harusi, nyuma babu wa bwana harusi!"

"Na mbona imeinua pua hivyo?" nikauliza, huku nairekodi. "Inamdharau nani?"

"Shokapu zimetoka kwenye pikipiki ndefu kidogo," Ndala akasema, kifua mbele. "Fundi kahangaika na shingo ya usukani, kabadilisha na beringi, ndiyo zikakaa."

"Na mshale wa spidi?"

"Umekufa. Waya wake ulikuwa unashika kwenye rimu ya zamani, hii mpya haina pa kuushika. Sasa hivi nikienda mbio inasema nimesimama."

"Safi sana," akasema Kinyozi. "Zamani ukisimama ndiyo ulikuwa unaenda mbio."

Tukacheka, lakini Ndala hakucheka. Sote tulijua kinachomkaba. Mara ya mwisho alipompakia mama wa mchumba wake, walitakiwa washukie mlangoni kwa mama, hapo ng'ambo ya benchi letu. Wakapita mlango, wakapita na kona, wakaenda kusimama ndani ya nguo za jirani zilizoanikwa. Mama akajinasua kutoka kwenye shuka la watu, akatoa hukumu: "Asiyeweza kusimamisha pikipiki mlangoni kwangu, ataweza kusimamisha nyumba? Siku ikisimama mlangoni, binti utamchukua. Isiposimama, kaoe kwa hao wenye nguo."

Na leo mama yuko sokoni, kashapiga simu afuatwe.

"Fundi kaniambia hivi," Ndala akainua kidole cha shahada. "Breki hii ni kidole kimoja tu. Taratibu. Siyo ile ya zamani ya kukamua kama chungwa."

"Usikiguse hicho kidude!" Waziri akaruka. "Shika ya nyuma, mwanangu. Ya mbele ni ya kumwonyesha trafiki!"

"Mzee, asipoishika anaenda kuoa kwenye nguo za jirani," Kinyozi akamjibu. "Ndala, kidole kimoja. Sema."

"Kidole kimoja."

"Tena."

"Kidole kimoja, bwana, mimi si mtoto!"

Akaondoka. Sisi tukageuza benchi litazame barabara. Simu nimeiinua juu nirekodi, kola nimeinyoosha kama nafunga ndoa mimi.

Haikuchukua muda, hao wanakuja! Mama kakaa nyuma, kapu la nyanya kalipakata, uso umekaza kama mkaguzi. Mlango unakaribia. Namwona Ndala midomo inacheza: kidole kimoja, kidole kimoja. Waziri akasimama akapiga kelele: "YA NYUMAAA!"

Ndala akashtuka. Na mkono ukishtuka hurudi kwenye mazoea yake. Akakamua chungwa. Vidole vyote vinne.

Pikipiki ikainama pua kama inasujudu, ikasimama. Mlangoni hasa, hata mkeka wa kufutia miguu haikuukanyaga. Lakini iliyosimama ni pikipiki tu. Ndala alikuwa juu ya tangi, mama juu ya Ndala, kilemba cha mama juu ya taa. Nyanya hazikuwa na habari ya breki, zikavuka barabara hadi kwetu. Moja ikatua ndani ya kahawa ya Waziri.

Mashine ya Kinyozi tu inanguruma.

Mama akashuka polepole. Akakitoa kilemba kwenye taa, akakifunga. Akatazama gurudumu. Akatazama mlango. Akalitazama tena gurudumu.

"Imesimama," akasema.

"Samahani, mama, mimi..."

"Nimesema imesimama. Maneno yangu hayarudi nyuma. Binti utamchukua. Ila siku ya harusi, baba, mimi nitakuja kwa miguu."

Kijiwe kikalipuka kwa vifijo! Waziri anapeana mikono na kila mtu: "Mnaona? Bila ushauri wangu asingeoa!"

Mama akatugeukia. "Na nyanya zangu anaokota nani?"

Hapo ndipo nilipoona watu wasio na breki kabisa, ya mbele wala ya nyuma. Waziri akakumbuka kikao. Kinyozi akakumbuka kichwa cha mteja. Ndala mwenyewe kakimbilia ndani kumpa mchumba habari. Benchi zima nimebaki mimi, nachezesha kidole nitafute ile video, kumbe muda wote nilikuwa narekodi uso wangu mwenyewe.

"Wewe kijana," mama akaniita. "Weka hiyo simu. Nyanya haziokotwi kwa kidole kimoja."