Mlio wa Mota ya Mjomba Umeme

Jumatatu, 3 Juni

Leo baiskeli yangu imetimiza miaka sita tangu niifunge mota. Mtaa mzima wananiita Mjomba Umeme. Sikuomba jina hilo, niliwadokezea tu, mara kadhaa.

Walisema mota itakufa kabla ya mvua za kwanza. Wako wapi? Mota ni ileile! Nimebadilisha tairi, spoki, nyaya, breki na betri. Vingine vyote ni vya awali. Karatasi ya maelekezo sikuisoma, nilifungia sabuni.

Nyumbani hakuna furaha. Shemeji, kaka wa mke wangu, amepiga simu. Mama yao ameanza kusahau watu. Juzi alimwita muuza mkaa baba. Mke wangu aliweka simu chini, akawa anakunja gauni lilelile, anakunjua, anakunja. Kisha akaniuliza:

"Na mimi je, akinisahau?"

Nikamwambia sura kama yake haisahauliki, mimi mwenyewe nimejaribu nikashindwa. Hakucheka.

Tunaondoka Ijumaa. Shemeji alitaka kuja kumchukua kwa pikipiki yake. Nimekataa! Mke wangu ana usafiri wake.

Jumanne, 4 Juni

Shemeji huiita baiskeli yangu Mbu. Kwa sababu ya mlio. Ndani ya mota kuna gia za meno ya plastiki, yamelika, basi inalia nyiiii toka unapopanda hadi unaposhuka. Mwaka jana alitusubiri getini amejifunika chandarua. Wanawe walicheka hadi wakakaa chini. Sijasahau.

Mpango: safari hii nitafika kimya. Kimya cha paka! Atageuka anikute mgongoni.

Fundi baiskeli akasema meno bado yana maisha, mlio hauharibu kitu, niuache. Nikamweleza kwamba kuna mainjinia wamevuka bahari kuja kuniuliza mimi. Akaacha kubisha. Ameweka meno mapya na grisi. Nikamwambia aongeze. Akaongeza. Nikamwambia aongeze.

Mke wangu aliyaokota meno ya zamani, akayafunga kwenye leso yake. Anasema kwa mtu kama mimi, huwezi kujua kesho kutatokea nini. Sijui alikuwa na maana gani.

Alhamisi, 6 Juni

Majaribio. Kimya kabisa! Nimempita jirani bila yeye kujua. Kuku wake naye hakujua. Amenusurika, ila sasa ananitazama kwa jicho baya. Jirani pia.

Ijumaa, 7 Juni

Safarini! Mke wangu nyuma, begi mbele. Kile kioo kinachoonyesha chaji nimekifunga kitambaa, nikasema nakikinga na jua. Ukweli ni kwamba betri imeanza kuchoka, na mtu akiona vijiti vinapungua huanza maswali.

Kila mlima unapoanza, mke wangu anashuka. Anasema ananyoosha miguu. Bahati iliyoje! Miguu yake hukakamaa penye milima tu.

Mchana tulichaji kwa kinyozi mmoja kando ya barabara. Ili asiichoke chaja yetu nikamsimulia siku nilipolipita lori mlimani huku nikichana nywele kwa mkono mmoja. Akakitazama kichwa changu, akauliza nywele zipi. Mke wangu akacheka. Mara ya kwanza tangu simu ile. Nilikuwa na jibu kali la kumpa kinyozi. Nikalimeza, acha acheke.

Jioni tumepata chumba, kitanda kimoja na dirisha lisilofungika. Ameniuliza tena kama mama atamjua. Nikasema atamjua. Nilisema kwa sauti kubwa. Ndivyo ninavyosema nisipokuwa na uhakika.

Jumamosi, 8 Juni

Tumefika kimya. Mpango umefaulu! Shemeji alikuwa uani anaosha pikipiki. Nikamwendea hadi kisogoni, nikamuuliza habari za siku nyingi. Aliruka! Ndoo nzima ikammwagikia. Nilitamani kutoka getini niingie upya.

Mke wangu alikuwa ameshaingia ndani. Nikamfuata. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya kiti cha mama mkwe. Mama alikuwa anamtazama vizuri, kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni. Akamuuliza ametumwa na nani. Mke wangu akasema ni mimi, mama. Mama akamwambia asiwe na wasiwasi, akae tu apumzike, binti yake yuko njiani, atawaandalia chai.

Mke wangu alitoka, akasimama kando ya tangi la maji, ametugeuzia mgongo.

Shemeji, nguo zinachuruzika, akaniuliza Mbu yuko wapi. Nikavuta pumzi ili nijigambe vizuri. Lakini hakuwa anatania. Akasema siku zote mama akiusikia ule mlio kutoka barabarani anaomba mtandio wake na kusema mwanangu huyo anakuja. Huusikia kabla hata ya mbwa. Akasema yeye mwenyewe hakuwahi kulitilia maanani, mpaka leo mtandio haukuombwa.

Nikakaa kwenye ndoo.

Kisha nikainuka. Nikamwambia mke wangu twende barabarani, apande. Akasema niache utani, leo hawezi. Nikasema panda tu, mke wangu, panda.

Tukaanzia kwenye kona. Polepole. Nikakaza meno, nikatoa mlio puani: nyiiii. Kwenye kona unapanda juu kidogo. Kwenye kokoto unatetemeka. Miaka sita nimeusikia, naujua kuliko sauti yangu. Majirani wakatoka. Mama mmoja akaniuliza kama naumwa jino. Sikumjibu, mota haijibu watu. Shemeji alishika geti likiwa wazi. Nilimsubiri acheke. Hakucheka.

Chini ya dirisha pumzi ikaniishia. Nikajua nimeharibu. Ndipo nikausikia mlio ukiendelea nyuma ya shingo yangu, mwembamba, unatetemeka, na kidevu cha mke wangu kimeegemea bega langu. Alikuwa anaujua wote! Hata pale kwenye kokoto.

Ndani mama mkwe akasema:

"Nileteeni mtandio wangu. Mwanangu huyo."

Tukaingia. Alimshika mke wangu mashavu. Akamwita jina la utotoni ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia. Akamwambia amekonda, nani anayemkondesha? Kisha akaniona mlangoni, akauliza kama huyo ndiye dereva.

Nikasema ndiye, mama.

Jumatano, 12 Juni

Nyumbani. Meno ya zamani yametolewa kwenye leso, yamerudi ndani ya mota. Inalia vizuri mno! Nimemweleza fundi kwamba ule mlio niliubuni mwenyewe tangu mwanzo, kwa ajili ya wazee. Akasema ndiyo, mjomba.

Mke wangu ameniomba jambo moja: nisiiguse tena mota ile. Nimekubali kwa moyo mweupe. Ana haki. Sitaigusa.

Ila nimefikiria. Kwa mota moja, mama husikia kutoka barabarani. Je, nikifunga ya pili, gurudumu la mbele? Atasikia kutoka darajani! Atapata muda wa kujifunga mtandio, kujipaka mafuta, na kukumbuka na mkwewe pia. Meno ya mota hiyo nitayasugua kwa msasa mwenyewe hadi yalie. Duniani hakuna aliyewahi kulifanya jambo hili.

Gurudumu la mbele nimeshalitoa, liko chini ya kitanda. Mke wangu anaita toka uani. Anataka kujua kwa nini baiskeli imelala chali.

Nimemwambia inanyoosha miguu.