Kura ya Shemeji Kishanaram

Jumatatu, 3 Juni

Narpat wangu anakwenda Delhi. Chama kimemteua kugombea Baraza la Majimbo. Miaka sita, nyumba ya serikali, na bustani. Nimemwambia jirani Premlata kabla hajamaliza kushuka ngazi. Akasema hongera, mwanawe naye kafungua kliniki ya pili ya meno huko Kota. Meno.

Nimealika mtaa mzima Jumapili. Miguu inauma.

Jumanne, 4 Juni

Kumbe wananchi hawapigi kura. Nimegawa vitamu vya ladu mtaa mzima bure. Wanaochagua ni wabunge wa hapa jimboni tu, na wa upande wetu wamefungiwa hotelini Udaipur wasije wakanunuliwa.

Narpat kapiga simu, sauti imechoka. Anasema kura zinatosha kwa shida, yote yanamtegemea Kishanaram, binamu wa marehemu mume wangu, mbunge asiye na chama. Akaanza kunieleza sheria: mwenye chama humwonyesha wakala wa chama chake karatasi ya kura, lakini asiye na chama... Nikamkatiza, nikamuuliza kama amekula. Hajala.

Kishanaram simwamini. Harusi ya Narpat aliahidi kuleta farasi wa bwana harusi. Mwanangu alikwenda kuoa juu ya skuta.

Jumatano, 5 Juni

Basi hadi Udaipur, mgongo umekwisha. Mlinzi akanizuia getini. Nikamwambia mimi ni mama wa mheshimiwa. Akasema, "Mama, humu wote waheshimiwa, na mama zao wote wameshapita hapa." Nikampa ladu. Akafungua.

Kishanaram alikuwa bwawani, maji kiunoni, anakula kachori. Akasema kura ni ya mtoto wetu, wasiwasi wa nini. Nikatoa picha ya marehemu. Nikamwapisha: ukishaandika, mwonyeshe wakala wa Narpat, aione kwa macho yake. Akasema, "Shemeji, huniamini hata kidogo?" Nikamkumbusha farasi. Akaapa.

Ijumaa, 7 Juni

Kura zimepigwa leo. Kishanaram kaandika namba moja mbele ya jina la Narpat, vizuri kabisa. Kisha akainyanyua karatasi ili wakala wa Narpat aione. Akaiona. Wakaiona na wapinzani, wakapiga kelele. Mbunge asiye na chama hatakiwi kumwonyesha mtu yeyote. Kura imefutwa, na Narpat kaanguka kwa kura hiyo hiyo.

Amerudi jioni. Hakunigombeza. Alivua viatu, akakaa jikoni, akasema, "Mama, ungeniacha nimalize ile sentensi."

Nikampakulia.

Jumamosi, 8 Juni

Kishanaram kaja peku, analia. Anasema amefanya vile vile nilivyomwapisha. Nikampa mtindi. Si mtu mbaya. Kosa lake ni kuinyanyua karatasi juu kama picha ya harusi. Baada ya miaka miwili viti vingine vitakuwa wazi, nimemwambia safari hiyo aionyeshe chini chini, ubavuni. Narpat akasikia, akaanza tena mambo ya sheria. Nikamwambia ale kwanza.

Premlata kauliza kupitia ukutani kama sherehe imeahirishwa. Iahirishwe kwa lipi? Samli imeshanunuliwa. Nikamuuliza kama mwanawe wa meno amewahi kuangushwa na bunge zima. Akauliza aje saa ngapi.

Waje wote, hata yeye. Kesho, Jumapili.