Majirani Waliokaa Mahali pa Gari

Asmani wa Hamissi
Kartie ya Waswahili, Rumonge
Agosti 1997

Kwa Bwana Shefu wa Zoni,

KUHUSU: Ombi la kuwatoa majirani ndani ya gereji yangu kabla ya Alhamisi

Bwana Shefu,

Nakusalimu kwa heshima zote, na nauliza habari za nyumbani kwako, swali ambalo siku hizi za vita mtu haulizi tena kwa mazoea tu.

Nilikuwa sokoni Jumamosi ulipotangaza kwamba magari yaliyochukuliwa mwaka jana na watu wenye sare zisizotambulika yamepatikana, na kwamba Pijo yangu nyeupe yenye mlango mmoja wa buluu ni miongoni mwao. Nilipiga makofi mpaka watu wakanitazama. Kisha ukasema gari litarudishwa kwa mwenye gereji tupu tu, yenye mlango unaofungwa, na kwamba mkaguzi atapita Alhamisi kuhakikisha. Gereji ninayo, na mlango ninao. Linalonisumbua ni hilo neno "tupu".

Unajua jinsi nilivyo na haja ya gari hilo. Mimi ni dereva, sina kazi nyingine mikononi. Mke wangu Tahira alivuka ziwa na watoto kwenda Kigoma, mimi nikabaki kulinda gari. Gari lilipochukuliwa, nikabaki kulinda gereji. Ameniandikia kwamba hatarudi kula hewa, na mimi simlaumu. Gari likirudi, kazi inarudi, na Tahira anarudi.

Sasa nije kwenye mlango wenyewe. Niliununua kwa Mgiriki aliyekuwa akifunga duka lake Bujumbura. Ni wa bati zito, kipande kimoja, unaobinuka na kupanda juu kwa springi mbili. Unatazama ziwani, kwa hiyo jua lote la mchana ni lake. Mlango wa namna hiyo, katika kiangazi chetu hiki cha vumbi, unataka malezi. Kila asubuhi naufuta kwa kitambaa kibichi kabla bati halijapata moto. Nimeupaka rangi nyeupe ili usilinyonye jua. Chini nimeacha nafasi ya kidole, maana bati hutanuka saa za mchana, na lisipopewa nafasi linakwama. Springi na reli nazipaka grisi. Huu ndio mlango ambao majirani zangu wameuharibu kama ifuatavyo:

1. Ndagala. Tangu ufuo ulipofungwa kwa amri, wavuvi hawana pa kuanika dagaa hao wa ziwani. Kabwe, Mkongomani wa Uvira anayepanga nyuma ya nyumba yangu, aligundua kwamba mlango wangu ukifunguliwa nusu unalala kama meza, tena meza ya bati la moto. Ndagala wanaokaushwa ufukoni kutwa nzima, juu ya mlango wangu wanakauka kabla ya chakula cha mchana. Nilipolalamika kwamba mafuta ya samaki yanababua rangi, alinijibu: "Muzee Asmani, ungechunga bibi sawa vile unachunga mulango, angekuwa hapa anakupikia hawa ndagala." Paka wa mtaa mzima sasa wanaishi juu ya gereji yangu, na wananitazama mimi kama mgeni.

2. Mawese. Hili linaniuma zaidi. Unajua kwamba tangu majirani wa nchi yetu watuwekee vikwazo, grisi haionekani Rumonge hata kwa dawa. Mlango ukakauka, ukaanza kulia kila unapofunguliwa, kilio cha kusikika mpaka msikitini. Mama Esha, muuza mawese, akasema wakati huu mlango unaolia unaita wageni wasiotakiwa. Basi nilipokwenda kuswali, akachukua mawese ya kupikia akapaka reli zote, springi zote, na bawaba ambazo hata hazikuwa na shida. Bwana Shefu, mawese si grisi! Vumbi la kiangazi likanasa humo, pakawa tope jekundu. Siafu wakaja. Mbuzi wa jirani yangu Hyacinthe akaja, akalamba reli ya kushoto mpaka ikang'aa, kwa hiyo sasa mlango unapanda upande mmoja. Na mawese yalipoadimika sokoni, nikamkuta Mama Esha mwenyewe na kijiko, anayakwangua kwenye reli yangu kwa ajili ya maharage. Nilipomuuliza, akaniambia: "Kwani ni yako? Si niliyapaka mimi?"

Ni kweli kwamba mlango haulii tena. Lakini hiyo si hoja.

3. Mlio wa jioni. Jua linapoanza kuzama, bati lililotanuka mchana kutwa linajikunja kwa ghafla, na linapiga PA! Hiyo ni tabia ya bati tangu dunia iumbwe. Majirani hawataki kujifunza. Mlango ukipiga, mtaa mzima unalala chini, na vijana wanaolinda kizuizi cha barabarani wanajibu kwa risasi kuelekea milimani. Wiki iliyopita ilitangazwa sokoni kwamba washambuliaji wengi wamerudishwa nyuma hapahapa mtaani, katika kartie yetu. Bwana Shefu, washambuliaji hao walikuwa mlango wangu. Na haukurudi nyuma, upo palepale. Sikusema kitu, kwa kuwa sikutaka kuivunjia zoni yetu ushindi.

4. Ujinga uliozidi ujinga. Je, unajua wanakimbilia wapi wakisikia mlango wangu umepiga? Wanakimbilia ndani ya gereji yangu. Wanaukimbia mlango kwa kujificha nyuma ya mlango huohuo! Nimewaeleza kwa upole, nimewaeleza kwa ukali, nimewachorea kwa mkaa ukutani namna bati linavyotanuka. Hyacinthe, ambaye alikuwa mwalimu huko milimani kabla hajashuka kwetu na godoro kichwani, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema maelezo ni mazuri sana. Kisha mlango ukapiga, akawa wa kwanza kuingia.

5. Kumilikishana. Mwanzoni walikuwa wanaingia na kutoka. Sasa wamegawana. Kwa kuwa sakafuni bado kuna alama za mafuta ya Pijo yangu, kila familia imechukua mahali pake. Mama Esha na wajukuu zake wako gurudumu la nyuma kulia. Kabwe na nyavu zake yuko kwenye injini. Hyacinthe na mkewe Consolée wamekaa penye usukani, na nasikia wamekataa kubadilishana na mtu. Watoto wakitumwa wanaambiwa, "Peleka hii sahani kwa taa ya mbele." Mtoto aliyezaliwa humo mwezi wa sita ameitwa Providence, lakini wenzake wanamwita Klachi. Mle ndani Mrundi na Mkongomani, Mwislamu na Mkristo, wa mlimani na wa ziwani, wanabanana goti kwa goti, na hakuna anayemuuliza mwenzake ametoka upande gani. Utaratibu wa nchi uko wapi, Bwana Shefu, ikiwa watu hawaulizani tena?

Kwa sababu hizo tano, naomba utoe amri ya maandishi yenye muhuri, iwaambie watu hawa kwamba gereji ni mahali pa gari, kwamba binadamu hana magurudumu, na kwamba wahame kabla ya Alhamisi. Mimi kwa upande wangu nimeshaanza kusaidia sheria: leo asubuhi, walipotoka kuchota maji, niliufunga mlango kwa kufuli mbili.

Nikushukuru kwa subira yako. Nisalimie Mama wa nyumbani, karani wako, na yule askari mrefu wa mlangoni kwako ambaye hunipokea vizuri.

Murakoze, asante sana, na amani ya Mungu ikae nawe,

Asmani wa Hamissi,
dereva

N.B. Barua ilikuwa imekwisha na nimeshailamba bahasha. Imenibidi niichane niongeze haya.

Leo saa tisa milio imeanza upande wa michikichi, na safari hii haikuwa bati. Nilitoka mbio na funguo. Niliwakuta wote nje ya gereji, wamejibana ukutani, watoto katikati, Mama Esha amewafunika kwa kanga yake. Nilidhani watanitukana. Hakuna aliyenitukana, walinipisha tu nifungue. Kufuli zilifunguka, mlango ukakataa, umetanuka kwa jua. Kabwe akatia bega, Hyacinthe akatia mtaimbo, tukavuta wote. Umefunguka kimya kabisa, kwa sababu ya yale mawese. Sasa umepinda, umetoka kwenye reli, na hautapita ukaguzi wa mtu yeyote.

Wote ni wazima. Walipokaa kila mtu mahali pake, mimi nikabaki nimesimama katikati ya gereji yangu mwenyewe, sina pa kukaa. Mama Esha akasogea, akanipa nusu ya gurudumu lake. Nimekaa hapo nikilia mbele ya wajukuu zake, na sikuona haya.

Kwa hiyo barua yote ya juu naifuta. Pijo mpe mwenye gereji tupu, maana yangu imejaa. Tahira nitamwandikia mwenyewe. Atanikasirikia kwanza, kisha ataelewa. Na mkaguzi wako, kama Alhamisi risasi zitamkuta njiani, mwambie asiogope kugonga kwetu. Penye buti bado kuna nafasi ya mtu mmoja.