Dhamana Yenye Pembe Moja

Jumatatu, 2 Juni

Sacco imenidharau! Nimeomba mkopo nikodi kile kibanda cha karibu na steji ya matatu, hapa sokoni Uriri, kabla Bichage hajakinyakua. Bichage ni jirani yangu, muuza mitumba, tajiri wa maneno tu. Terry, msichana wa mikopo, akauliza collateral yangu iko wapi. Nikajibu iko nyumbani, inapumzika. Kisha nikatoka kuulizia ni kitu gani.

Jumanne, 3 Juni

Nimeelewa kabisa. Collateral ni mali ya kuonyesha wageni ili wakuheshimu, kama vikombe vya kabatini. Nimewafafanulia watu hotelini, bure, wakaendelea kunywa chai. Bichage akasema ati neno hilo analijua tangu juzi. Mwongo!

Kesho Terry anakuja kupiga picha collateral yangu. Mali yangu: redio bubu. Kuku ni wa Moraa, mke wangu. Cherehani pia ni yake, na nimekatazwa hata kuiegemea. Basi nimeongea na Maroa. Fahali wake Gavana, mwenye pembe moja, atashinda kwetu kwa shilingi mia tano. Huku ng'ombe wa mtu kukaa boma la mwingine si ajabu, nani atauliza? Lakini mia tano! Na majani anakula yangu!

Jumatano, 4 Juni

Aibu. Gavana amemaliza sukuma wiki ya Moraa na shuka moja. Terry alipofika nikamwambia huyu nimemlea tangu ndama, ananisikia mimi tu. Terry akamsalimia kwa jina! Akasema wamezoeana: juzi alimpiga picha kwa Nyatichi, jana kwa Bichage.

Kwa Bichage! Tapeli mkubwa! Nikamtaka Terry amshtaki mara moja. Akanitazama sana. Halafu akanieleza polepole, kama mtoto wa nasari, kwamba collateral ni mali ya mkopaji mwenyewe, na asipolipa inachukuliwa. Inachukuliwa! Ni nani aliyebuni neno katili namna hii?

Nimemdai Maroa mia tano yangu. Amesema Gavana alikuja, akaonekana, kazi kwisha.

Ijumaa, 6 Juni

Moraa amepata mkopo! Ameweka cherehani yake dhamana, bila kunishauri. Kibanda ni chake. Bichage amekikosa, hilo ni jema, ila mimi pia nimekikosa. Nilipolalamika, Moraa akasema nikitaka kazi, ufagio uko nyuma ya mlango. Imeniuma kweli. Nilitaka yeye ndiye aje kunisalimia kibandani kwangu, watu waone.

Jumamosi, 7 Juni

Sabato. Mambo ya pesa siyawazi. Niliwaza kidogo tu, wakati wa mahubiri.

Jumatatu, 9 Juni

Moraa amekwenda Asumbi kwa dada yake. Ameniachia cherehani niilinde kwa uhai wangu. Ikipotea, amesema, Sacco itatufilisi na kibanda kitaenda kwa Bichage.

Ninailinda vizuri sana. Asubuhi hii iko kwa Onsongo, mchana itakuwa kwa Wangwe. Terry anazunguka na kamera yake. Mia tatu tu kila boma. Maroa atalia! Cherehani haili sukuma wiki, haina jina la kuitwa, haina pembe ya kutambulika. Ubavuni Moraa ameandika MORAA kwa rangi nyekundu, lakini nani husoma cherehani?