Ndoano ya Mzee Henry

Jumapili, 2 Novemba

Iandikwe, ijulikane, na wapangaji wote wa Al Mansoura, huku Uarabuni, washuhudie: leo mimi Onyango nimeachana rasmi na ndoano ya kawaida.

Mzee Henry, bosi ninayemwendeshea gari kule mtaa wa Pearl, amenipa ndoano anayovulia samoni huko kwao. Ncha mbili. Manyoya kama kofia ya harusi. Kile kijino cha kumzuia samaki asichomoke kimebanwa kabisa. Kasema mvuvi hodari hakihitaji. Nikaitikia kwa kichwa. Hodari si ndiye mimi!

Jioni Roselyne wa ghorofa ya juu, anayerudi Kenya kabisa Jumamosi, akasema Ijumaa ataagana nasi kwa kitu kimoja tu: ugali na samaki mzima, mwenye kichwa. Kila mtu akanitazama. Haya, hakuna aliyenitazama. Nikajitolea.

Jumanne, 4 Novemba

Mazoezi juu ya paa. Nimenasa kanzu ya jirani Mmisri, ikiwa kambani. Akauliza kwa upole natarajia samaki gani huku juu. Mgongo unauma.

Alhamisi, 6 Novemba

Mutai, mlinzi tunayelala naye chumba kimoja, mtu wa Kericho aliyeiona bahari akiwa tayari na ndevu, kaniomba nibebe hata ndoano moja ya zamani mfukoni. Nikamwambia arudi kwenye majani ya chai. Akasema sawa, omera, ndugu yangu, lakini dada wa watu anaondoka.

Dukani nikamkuta Roselyne na kuku mkononi. Wa tahadhari, eti! Nikamrudisha kuku mwenyewe kwenye friji.

Ijumaa, 7 Novemba

Tangu alfajiri kwenye mawe ya pwani ya Wakra. Saa nne, chewa! Mkubwa!

Nimerudi mikono mitupu. Ugali tayari. Nikawaeleza kwamba nilimshika, nikamtazama machoni, nikamwachilia. Waungwana wa samoni ndivyo wafanyavyo.

Gakii, anayekaa na Roselyne, akaweka mwiko chini. Roselyne akaniuliza polepole: Baba Melissa, mtu wa ziwa, umemwachilia samaki na sufuria iko motoni?

Hapo akaingia Mutai na changu watatu. Amewavua kwa ndoano yangu ya zamani. Eti si niliachana nayo rasmi?

Kichwa cha mkubwa Roselyne akampa Mutai. Mimi mkia. Mtamu, lakini mkia.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimempeleka Roselyne uwanja wa ndege. Mlangoni akanishika mkono: nimwambie ukweli, asiondoke na uongo kwenye mizigo.

Nikasema. Sikumwachilia mtu. Chewa alifika hadi kwenye mawe, nikatoa simu nimpige picha, nimtumie Mutai. Mshipi ukalegea. Ndoano ikachomoka kama sindano kwenye siagi. Nikamfuata majini hadi kiunoni, nikimwita. Nilisema tafadhali.

Roselyne akacheka hadi akaegemea toroli. Kumbe alijua tangu jana: muungwana gani humwachilia samaki halafu akarudi na suruali inayochuruzika? Akafuta macho. Sijui kama yalikuwa ya kucheka yote. Akaniambia ninunue ndoano ya kawaida, nipumzike.

Dada mwenye busara. Nitamkumbuka.

Jioni Mzee Henry kanipa nyingine. Ncha tatu! Kijino, hakuna. Nimeshamwambia Gakii Ijumaa asinunue kuku.