Skrini Iliyosimama kwa Kichwa

Dokta Waya, fundi wa kompyuta, alipoiona laptopu ya bibi mmoja aliyemwita nyumbani kwake, mate yalimjaa kinywani. Nyembamba kama sahani, haina hata mkwaruzo. Ila picha yote kwenye skrini ilikuwa miguu juu, kichwa chini.

Tiba yake ni vitufe vitatu kubonyezwa pamoja. Dokta alijua. Lakini tangu lini mganga akamwambia mgonjwa kwamba dawa ni maji ya bomba?

"Pole, bibi," alisema, akivua kofia kama yuko msibani. "Ubongo umepinduka. Ukiendelea kuiwasha, itakuunguzia nyumba."

"Ala! Basi ngoja, kuna fundi mwingine yuko njiani. Nitamuuliza na yeye."

Dokta akaruka. "Wa nini huyo, bibi yangu? Nipe mimi nikaitupe. Wewe baki na hii yangu nzima. Neno la siri ni moja mpaka sita."

Hiyo "yangu" ndiyo jembe lililomlisha miaka sita: laptopu kongwe, nzito, na ndani yake programu zote za kufufulia kompyuta za mji mzima. Bila hiyo, Dokta ni kofia tu. Lakini tamaa haina breki.

Kibandani kwake akabonyeza vitufe vitatu. Picha ikasimama wima. Akacheka peke yake kama mwehu. Dakika kumi baadaye mashine ikawa ya moto kama pasi, ikazimika. Akaiwasha, ikazimika tena. Akafungua mfuniko wa chini: palipokuwa na feni ya kuipoza pamebaki matundu ya skrubu.

Akairudisha mbio. Bibi alikuwa mezani, anachapa kwenye lile jembe kwa vidole kumi, macho dirishani.

"Bibi, hii mashine inaungua!"

"Si ulinieleza, mjukuu wangu? Nami nikakuamini."

"Nirudishie yangu, nakuomba. Ndiyo kazi yangu."

"Mgonjwa ulimchukua ukisema ni mahututi. Sasa kafa, unamleta nimzike mimi? Na neno la siri nimeshabadilisha."

Dokta akanyoosha mkono aichukue yake.

"Hodi!" ikaita sauti mlangoni. "Fundi hapa!"

Bibi akalisukuma jembe chini ya meza kwa mguu, akanong'ona, "Huyo ana laptopu mpya, nimeuliza. Hiyo uliyoleta imepoa?"

"Imepoa."

"Pindua picha. Akiniachia yake kama wewe, utaondoka na ile yako kongwe."

Kisha akajifuta machozi ambayo hayakuwepo. "Karibu, mwanangu! Huyu daktari ananitisha hapa."

Dokta Waya akaiwasha mashine, akabonyeza vitufe vitatu, akavua kofia.